Beji ya Verlin

Jumatatu, 7 Novemba 1949

Na bado nasema, haiwezekani! Nimeolewa siku kumi na sita, mume wangu Verlin hana mfano jimbo zima la Iowa, na beji yake ya chama cha wavulana wa chuo anayo mwanamke mwingine. Hapa chuoni mvulana akipenda kweli humvisha msichana beji, kisha ndugu zake wa chama humwimbia msichana huyo chini ya dirisha. Mimi nilipewa pete tu. Pete hata mama anayo! Beji alipewa Lorraine Tvedt mwaka jana, na walipoachana hakuirudisha. Verlin anasema niache, ni kipande cha bati. Siachi. Nautaka wimbo wangu, na sauti ya Verlin iwe juu ya zote.

Jumanne

Nimepeleka keki ya malimau kwenye nyumba ya akina dada, chama cha wasichana wa chuo, anakoishi Lorraine. Mpango: wakila, napanda chumbani kwake. Mlezi wa nyumba akanidhania mfanyakazi mpya. Nimeosha vikombe sitini na kimoja. Ngazi nimeziona kwa mbali.

Jumatano

Lorraine mwenyewe kaja kurudisha sahani, na beji juu yake! "Shoga, nimesikia unaitafuta, si ungeniomba tu? Nilikuwa nabania pazia." Pazia! Akauliza kama nafahamu habari ya bwawa. Nikamwambia nafahamu kila kitu. Wivu huo.

Mbio hadi kwa Dutch Haverkamp, mkuu wa chama. Nikamwonyesha beji kifuani. Akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umetupa kazi! Ijumaa, kabla ya chakula cha jioni." Nikamwomba asimwambie Verlin. Akaapa.

Ijumaa

Wamekuja! Ishirini na wawili, makoti na tai. Mimi dirishani na gauni la buluu. Wameimba beti zote tatu. Nikatega sikio nimsikie Verlin. Hayumo. Wimbo ukaisha, wakapisha njia, akatokea yeye: ameloa chapachapa, magugu kichwani, kiatu kimoja. Kumbe anayetoa beji hutupwa bwawani kwanza! Barafu ilikuwa imeanza kushika. Wamelazimika kuivunja kwa kasia. Akafungua mdomo aniimbie. Ikatoka sauti ya bawaba ya mlango.

Jumapili

Verlin hana sauti kabisa. Kanisani wimbo aliopangiwa kuimba peke yake ameuimba Dutch, vibaya. Mpenzi wangu ananiandikia kwenye karatasi: "Opal, usipange kitu tena." Mwandiko gani huo! Nimeubusu. Nimeahidi.

Ila Desemba ndugu wanachagua Malkia wa Chama. Hajawahi kuchaguliwa mke wa mtu, lakini nani amekataza? Nasikia kuna desturi ndogo, kitu kuhusu mpenzi wa Malkia na rundo la theluji. Sikuuliza zaidi. Lorraine alikuwa Malkia mwaka jana, anajua njia zote. Kabla mwezi huu haujaisha nitamtembelea, na nitaingia kwa mlango wa mbele.