Beti 142 na Dhoruba Moja

Jumanne, 8 Januari

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata paka. Utenzi wa Mfalme Brandur una beti 142. Mimi najua 31.

Kijiji kizima kinaamini nazijua zote. Kosa ni la Bárður, binamu yangu. Krismasi alijigamba mezani kwamba anakaribia kuzimaliza, naye ana miaka kumi na minne, mimi kumi na tano! Bibi akanigeukia: na wewe Rannvá, je? Nikaitikia kwa kichwa. Kwa mtu mwenye aibu kama mimi, kichwa ni chepesi kuliko mdomo. Bibi akatokwa na machozi ya furaha. Kesho yake kijiji chetu chote cha Gásavík, watu hamsini na wanane pamoja na mbwa wao, kilikuwa na habari.

Basi Jumamosi hii naongoza ngoma ya utenzi huo ukumbini. Hatutumii ala yoyote. Tunashikana, tunazunguka, kiongozi anatupa ubeti, wengine wanaudaka. Karatasi ni marufuku. Kiongozi akikwama, mduara unasimama. Páll wa bandarini alikwama ubeti wa arobaini kabla sijazaliwa. Mpaka leo anaitwa Páll Arobaini. Hata na mkewe.

Lakini, habari njema! Redio inasema dhoruba kali inafika Jumamosi hiyohiyo. Barabara ya mlimani itafungwa, na hakuna atakayetoka nje. Ngoma kwisha! Sijifunzi kitu.

(Naandika kwa Kideni, lugha ya shule, ili Bibi asielewe. Bibi alifundisha Kideni miaka thelathini. Hili sikulifikiria vizuri.)

Jumatano, 9 Januari

Kila mtu anafunga vitu. Kamba juu ya mapaa, mawe juu ya mapipa ya taka, mashua zote bandani, kondoo wameshushwa. Dhoruba ya mwaka juzi ilibeba banda la jirani pamoja na mapaja tisa ya kondoo aliyokuwa akiyakausha. Banda hakulililia.

Hakuna aliyefanya kazi kama mimi. Bárður aliniuliza mbele za watu kama sasa nafunga na mawe yasiruke. Kweli nilikuwa nafunga jiwe, lakini jiwe ndilo linaloshikilia kamba, mjinga wewe! Jibu hilo nililipata saa mbili baadaye, nikiwa peke yangu.

Jioni, mkakati wa kwanza: kumwomba Mzee Niklas, mwenyekiti wa ngoma, aahirishe mapema. Hotuba niliifanyia mazoezi njia nzima. Akafungua mlango. Hotuba ikayeyuka. Akanikalisha, akanipa kahawa na nyama kavu, akasema anajua kilichonileta, na kwamba vijana wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimetoka huko nimekubali kuongoza na utenzi wa pili.

Alhamisi, 10 Januari

Balaa! Redio imegeuka. Dhoruba inakuja kesho. Jumamosi kutakuwa shwari. Mtangazaji alilitamka hilo neno kama mtu anayegawa zawadi.

Mkakati wa pili: paa la ukumbi. Nilimwambia Baba, ambaye yuko kikosi cha uokoaji, kwamba nimelisikia likigongagonga, watu wasije wakaumia Jumamosi. Sentensi nzima, bila kukwama! Baba na wenzake wakapanda kulikagua. Wakashuka wanacheka. Ndilo paa imara kuliko yote kijijini, nyaya nne za chuma. Wakaamua palepale: nyumba kumi na moja za ufukweni zihamie ukumbini kesho mchana, na wengine waje kuwachangamsha. Baba akanipigapiga begani. Wazo la binti yangu hili, jamani!

Mzee Niklas akasema watu wote ndani, pa kwenda hapana, sasa mnadhani tutafanya nini? Ngoma ni kesho.

Bárður kasema najipendekeza. Laiti angejua.

Nimekazana mpaka chakula cha jioni. Nimefika beti 34. Zilizofuata nimezinakili kutoka kitabuni hadi mikononi kwa kalamu, kiganja hadi kwapa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nafasi imeisha kwenye ubeti wa 70. Si haba.

Ijumaa, 11 Januari

Naandika kwenye chumba cha makoti, kwa tochi.

Upepo ulifika saa saba mchana. Saa nane umeme ukakatika. Madirisha yamezibwa kwa mbao, ukumbi mzima, mshumaa mmoja. Tukashikana mikono. Nimecheza ngoma hii tangu nijue kutembea, na sikukumbuka hata mara moja kwamba tunashikana mikono!

Ubeti wa 34 ukaisha. Nikafungua mdomo, na upepo ukanguruma hadi kuta zikalia. Hakuna aliyemsikia jirani yake. Nikachezesha midomo tu. Mduara ukaendelea! Kila mtu aliimba kipande alichokijua, miguu ikatwanga sakafu. Nikanogewa. Nikaanza na kukunja uso, kama viongozi wakubwa.

Halafu upepo ukanyamaza. Ghafla, tuli. Watu wote wananitazama, mdomo wangu uko wazi, hakitoki kitu. Páll Arobaini akafumba macho. Yeye peke yake ndiye aliyejua ninachokipitia.

Bibi, kulia kwangu, akautupa ubeti. Kisauti chembamba cha miaka themanini na mmoja. Ubeti uliofuata akauanzia sikioni mwangu, nami nikaurusha kwa sauti. Hivyo hivyo, mpaka wa 142. Mkono wangu aliubana hadi ukafa ganzi.

Mduara haukusimama. Utenzi wa pili hakuna aliyeukumbuka. Jina langu bado ni Rannvá.

Jumapili, 13 Januari

Shwari. Asubuhi Bibi aliniuliza, bila ukali, najua ngapi hasa. Nikasema thelathini na nne. Akasema Krismasi je? Thelathini na moja. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

Kisha akaacha kucheka. Akasema kitabu hakiongozi ngoma, na utenzi mzima umebaki kichwani mwake tu, wengine wana vipande, na kichwa chenyewe kimeanza kuvuja. Juzi, katika ubeti wa 117, alibahatisha. Anataka wa kumwachia. Kuanzia leo, beti kumi kila siku, atakuja kunisikiliza saa kumi jioni. Nililia. Niliahidi kwa mdomo, si kwa kichwa.

Nimewaza siku nzima na nimepata somo kubwa. Kiongozi hahitaji kujua beti. Anahitaji mtu anayezijua, upande wa kulia. Bárður anakaribia kuzimaliza! Kilichobaki ni kumfanya apende kusimama kulia kwangu. Nimeandika rasimu nne za barua ya kumsifia, hii ya nne ni nzuri. Beti kumi za leo sijazigusa, ila nimejifunga skafu shingoni. Sauti imenikauka. Itarudi karibu na Kwaresima, msimu wa ngoma ukishafungwa.

Saa kumi kamili. Ngazi inalia. Hatua, fimbo, hatua. Ukurasa huu chini ya godoro, barua chini ya ukurasa, na mimi chini ya blanketi—