Mkwe Wangu, Nirudishie Panya

Kwa Mkuu wa Kompyuta,
Chumba cha Juu, Ofisi ya Vyeti.
Alhamisi.

Mheshimiwa mkwe wangu,

Salamu nyingi, nikitumai wote hamjambo. Kazini wewe ni mkubwa wangu, na nyumbani umemwoa binti yangu, kwa hiyo heshima inanizuia mara mbili kukusema ana kwa ana. Ndiyo maana naandika. Jumatatu ulituwekea kompyuta hizi za Linux, ukaondoka na panya wangu wa kubofyea mfukoni, ukisema vidole kumi nilivyopewa na Mungu vinatosha. Sikubisha, kwa kuwa Mungu alitajwa. Lakini haya yamenipata:

1. Kuna kitufe unakiita Supa, yaani cha juu kabisa. Mwanangu, aliye juu ya vyote ni Mmoja, na hakai pembeni mwa Alt. Nakibonyeza kwa kidole kidogo, huku nikiomba toba.

2. Umesema nina meza nne za kupangia kazi ndani ya kioo cha kompyuta. Ahsante. Miaka kumi na tisa nimeomba meza moja ya mbao isiyoegemea tofali. Leo nimepewa nne zisizobeba hata kikombe. Siku ya kwanza tu cheti kilihamia meza ya tatu, nikapiga magoti kukitafuta chini ya ile ya tofali.

3. Jumanne tarishi alipita mlangoni akaniambia, mama, funga dirisha, mvua inaingia. Kwa utiifu nikabonyeza Alt na F4, kama ulivyotufundisha kufunga dirisha. Cheti kikapotea, na mvua ikaendelea kuninyeshea.

4. Hili ndilo linalonikosesha raha. Jana maharusi wa saa nne walikuwa dirisha moja la kompyuta, wa saa tano dirisha jingine. Nikabonyeza Alt na Tab, za kubadili dirisha, mara moja zaidi, nikamwoza bibi wa saa tano kwa bwana wa saa nne. Bibi alisoma cheti, akamtazama yule bwana kwa kituo, akauliza kama ni lazima kirekebishwe. Mkurugenzi hakucheka. Jumamosi zinakuja jozi kumi na mbili. Nikikosea tena, nahamishiwa stoo ya mafaili. Kila jozi huwa naiombea kimoyomoyo nikigonga muhuri. Huko stoo nitawaombea mende?

5. Vidole vimeshaharibika. Hata katika sala, fikira mbaya ikinijia, kidole gumba kinatafuta Alt, na fikira inabadilika kweli! Dhambi ikikimbizwa kwa Tab, wahubiri watabaki na kazi gani?

Kwa hiyo naomba panya arudi kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, tafadhali tangaza watu wasioane kwanza, mpaka nizoee.

Nisalimie binti yangu, wajukuu, na tarishi mkikutana ngazini. Nabaki nikikuombea,

Mama mkwe wako,
Mpiga chapa wa vyeti vya ndoa.

N.B. Leo ni Jumamosi mchana. Barua ilikaa mkobani kwa kuona haya, lakini naona binti yangu, niliyemnong'oneza, alikudokeza, maana asubuhi nimemkuta panya mezani. Nilimtumia kwa jozi ya kwanza, foleni ikafika ngazini. Nikamchomoa. Nikabonyeza Supa na mishale, madirisha yakakaa ubavu kwa ubavu: bwana kushoto, bibi kulia. Jozi kumi na moja zilizobaki zimekwisha kabla ya saa sita, kila mtu na wake, na zote nimeziombea. Njoo umchukue panya wako, ananichelewesha. Yumo kwenye droo ya meza ya tofali. Ile ya tatu haina droo.