Mwani Ndani ya Mbege ya Posa

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Aibu! Nimeenda Kilema kujitambulisha kwa baba yake Victoria, na nimerudi Majengo nikiwa babu wa watu.

Nilipanda kilima cha kwao kwa miguu ili nionekane mkakamavu. Nilifika nahema, shikamoo haitoki, nimeshikilia mgomba. Nyuma yangu akaja Wilson, fundi cherehani mwenzangu, niliyemwomba awe mshenga. Anapiga mluzi. Mzee Eliezeri akampokea Wilson kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamwambia karibu mkwe. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza, kwa heshima zote, kama safari haijamchosha sana mzee mwenzake.

Mzee mwenzake! Nina miaka arobaini na moja. Mvi ni za ukoo.

Victoria alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaeleza nani ni nani. Mzee akanitazama kuanzia mvi mpaka viatu. Akasema hana neno na mimi, ila hajui kama binti yake anaolewa au anaajiriwa kuuguza. Niletee mbege Jumapili, akasema. Wazee wa ukoo wakiinywa na kuridhika, posa imepita. Wasiporidhika, kila mtu ashike njia yake.

Wilson alipiga mluzi njia nzima. Mluzi wa kufurahi. Kile kiti chenye mto kimempanda kichwani.

Jumanne, 8 Julai.

NIMEPATA DAWA!

Kwenye simu kuna dada mmoja ana ngozi inang'aa kama parachichi lililooshwa. Siri yake ni mwani. Anakula kila siku. Mimi siku zote nilijua mwani ni kitu cha watu wa pwani kuanika na kuuza nje. Kumbe unaliwa! Nikafunga cherehani, nikakimbilia duka la viungo la Dada Lata. Anao! Ndugu yake humletea kutoka Zanzibar.

Dada Lata akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wazungu. Osha kwa maji mengi, loweka mpaka kesho, chemsha, saga, kula kijiko kimoja au viwili kwa siku. Una madini, ni chakula kizuri, lakini si muujiza, na ukizidisha unaweza kujiharibia tezi ya shingo. Nikamshukuru, nikachukua mfuko mkubwa kuliko yote. Kijiko kimoja ni cha watu ambao hawatazamwi na wazee Jumapili.

Sikuweza kusubiri kuloweka. Nimeutafuna mkavu. Chumvi! Mchanga! Nimekunywa jagi zima la maji. Lakini nguvu nazisikia tayari, hasa goti la kushoto.

Jumatano, 9 Julai.

Leo nimefanya kwa utaratibu. Nimeosha, nimechemsha, nimesaga kwa blenda ya jirani yangu Stella. Amesema blenda itanuka bahari mpaka afe. Watu hawapendi maendeleo.

Na sasa ajabu yenyewe. Niliumimina ukiwa wa moto, mwepesi kama uji, kwenye kikombe. Kikombe kilipopoa, umeganda. Nikakipindua juu chini. Haukudondoka! Nikatikisa. Ukatetemeka, ukashikilia. Kama unashikilia hivi ndani ya kikombe, ndani ya mwili wa mwanamume utashikilia vipi? Nikampelekea Wilson aone. Akasema yeye tangawizi inamtosha. Wivu mtupu.

Nimeweka mwani kwenye chai, kwenye uji na kwenye maharage. Mchana mteja mmoja alikuja kuchukua gauni, akalitazama, akanitazama, akasema limependeza. Sawa, alisema gauni. Lakini alikuwa ananitazama mimi.

Ijumaa, 11 Julai.

Tumbo. Sitaandika mengi. Choo chetu ni kimoja na wapangaji ni wengi, na asubuhi walifanya kikao nje ya mlango huku mimi niko ndani. Wilson ameshona suruali mbili za wateja wangu na anawaambia nauguza mimba. Na acheke. Ni mwili unafukuza uzee.

Na ni humo humo ndani nilipopata wazo. WAZO! Kwa nini nile peke yangu? Mzee Eliezeri analalamika kiuno. Wazee wenzake wote ni magoti mabovu. Wakinywa mbege yenye mwani, wakainuka wepesi kama vijana, swali litakuwa moja tu, nani kaileta? Mimi! Atakayekaa kwenye kiti chenye mto ni mimi!

Jumamosi, 12 Julai.

Niko Himo kwa Shangazi Mektrida, anayenipikia mbege. Ndizi amezichemsha tangu katikati ya wiki, amezichuja, na leo ameuchanganya ulezi. Harufu inajaza kihamba chote, nyumba na shamba la migomba. Shangazi amepikia harusi za ukoo huu tangu mimi sijazaliwa na hajawahi kurudishiwa hata kibuyu. Nilipochungulia ndoo aliniambia nikizigusa nitavaa pete ya ndoa kwenye kidole cha mguu, maana vya mkono hatavibakiza.

Nikamwuliza tu, kwa mfano, kama mtu akitaka kuiongezea mbege afya. Akasema mbege ndiyo afya. Nimemwacha. Kesho asubuhi anaenda misa ya kwanza.

Jumapili, 13 Julai. Asubuhi.

Imefanyika! Shangazi alipopita tu ile mistari ya mimea ya masale ya mpakani, nikawasha jiko. Mwani wote uliobaki, sufuria nzima. Ukiwa wa baridi unaganda, hilo nimeliona mwenyewe, kwa hiyo nimeumimina wa moto. Akili hiyo! Ndoo tatu zote, nimekoroga, nimefunika. Nimeonja. Mbege ni ile ile, na kwa mbali kidogo, bahari. Wilson amefika na pikapu ya kukodi. Nasikia furaha tele. Leo naoa! Karibu naoa!

Jumapili, 13 Julai. Jioni.

Sijui nianzie wapi.

Kilema kulikuwa na baridi ya Julai, ukungu mpaka mlangoni. Ndoo ziliwekwa uani, na wazee wakaanza kuongea. Kwetu hakuna anayekunywa kabla ya maneno kwisha, na maneno ya wazee wa Kilema hayaishi. Waliwataja waliokufa, waliwataja waliohamia Dar, wakagombana kidogo juu ya mpaka wa shamba. Mimi nilikaa nikitabasamu. Shangazi alikaa na khanga yake mpya, ametulia kabisa.

Hatimaye Mzee Eliezeri akasimama na kata achote ya kwanza. Kata ikaingia. Haikutoka. Akaiachia, ikabaki imesimama yenyewe katikati ya ndoo.

Wazee wakasogeza viti karibu.

Mzee akasema labda ulezi umezidi. Shangazi akainuka kwenye kiti chake. Wilson, kwa kutaka sifa, akasema atasaidia, akaipindua ile ndoo juu ya majani ya mgomba. Mbege ikatoka yote kwa mara moja na ikasimama. Umbo la ndoo, mstari wa ndoo, kata juu yake kama kofia. Ikatetemeka. Babu mmoja asiye na meno akaomba kijiko, wakamnyamazisha.

Shangazi akainama, akanusa. Akageuka polepole mpaka macho yake yakanifikia. Nikasema yote. Nilieleza madini, nikaeleza magoti yao, nikamtaja hata yule dada wa parachichi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kurudisha viti nyuma.

Mzee Eliezeri akasema mbege ya posa si mahali pa kujaribia dawa. Akasema nichukue kitu changu niende, posa hakuna. Nikamtafuta Victoria kwa macho. Safari hii hakuwa akicheka. Hapo niliogopa kweli. Mambo ya kiti na mvi yalinitoka yote kichwani, nikabaki na moja tu, kwamba nampoteza, na ni mimi niliyekoroga.

Ni Shangazi aliyeniokoa. Alitembea mpaka mpakani, akachuma jani la isale, akanipachikia mkononi na kunisukuma begani. "Piga magoti, wewe!" Kwetu, uliyemkosea ukimpelekea isale, hawezi kukataa kukusamehe. Nikapiga magoti mbele ya Mzee. Magoti yakalia, kwa! kwa!, uani kote wakasikia. Mzee akakunja midomo kuzuia kicheko, akashindwa, akalipokea jani.

Nimesamehewa! Mbege nyingine Jumapili ijayo. Apike Mektrida, na mimi nisikanyage kwake mpaka ndoo zifungwe.

Jumatatu, 14 Julai.

Victoria amenipigia simu. Amesema ameziona mvi zangu tangu siku ya kwanza na alinikubali nazo, hakuwahi kumwomba Mungu ampe kijana. Amesema nilipotazama huku na huku kumtafuta pale uani, alitaka kuja kupiga magoti na mimi. Nimelia kidogo juu ya kitambaa cha mteja.

Ana ombi moja tu. Jumapili, kuanzia nikishuka kwenye gari mpaka wazee wamalize kunywa, mikono yangu ikae mfukoni. Nimeapa. Kwa Victoria naweza kuikata kabisa.

Wilson anasimulia kisa hiki kwa kila mteja. Anatetemeka mwili mzima kuonyesha ile mbege. Watu wanaleta nguo ambazo hazijachanika ili wasikie.

Jumapili, 20 Julai. Asubuhi.

Siku yenyewe! Ukungu hakuna, kilele cha Kibo kinaonekana chote. Shangazi amezifunga ndoo kwa kamba na amezikalia huko nyuma kwenye pikapu. Wilson anaendesha. Ndani ya dakika chache tutakuwa Kilema, na jioni nitakuwa mchumba wa mtu.

Nimewaza sana wiki hii na nimeona kosa langu liko wapi. Nilizidisha. Dada Lata alisema kijiko, mimi nikamimina sufuria. Tena ya moto! Na yule babu asiye na meno aliomba kijiko, hilo watu wanalisahau. Pale uani alikuwepo mtu mmoja anayejua chakula.

Ahadi ni ahadi. Mikono itakaa mfukoni, kama Victoria alivyotaka. Mfuko wa kulia una mwani kidogo tu, mkavu, nimeusaga unga laini.

Wa kushoto una jani la isale. Nimelichuma mapema.