Karani Aenda Kuwinda Nyikani

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya nne tunapima njia ya barabara mpya. Nyika tupu! Maharage mchana, maharage jioni. Mkuu wa msafara katangaza: atakayeleta nyama atakaa mbele ya lori, karibu na dereva, mpaka mwisho wa safari. Nikasema mimi ni mwindaji tangu utotoni. Ukweli, mimi ni karani. Lakini bunduki ya msafara naitunza mimi, na hilo ndilo jambo! Mpishi, mama mwenye maneno, akauliza kama swala nitamuua kwa mhuri.

Jumanne, 4 Juni
Nimejipaka mavi ya pundamilia ili wanyama wasininuse. Hawakuninusa. Wenzangu wameninusa. Chai nimenywa peke yangu, nyuma ya lori.
Hata hivyo, nimeona swala kumi na wawili! Nikamlenga yule mnene. Nikafyatua. Kimya. Risasi nilikuwa nimeziacha sandukuni, chini ya fomu za likizo. Swala alinitazama kwa huruma, akaendelea kula.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu mpya: shimo. Nimechimba asubuhi nzima, nikalifunika kwa nyasi kwa ufundi mkubwa mno. Mchana nikarudi kulikagua. Sikuliona. Nililiona baadaye, nikiwa ndani yake.
Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akaja mpishi, kashika kanga wawili. Kawanasa kwa punje za mahindi na uzi wa kushonea magunia, huku akichambua maharage! Akachungulia, akauliza humo ndani nimepata nini.
"Nivute kwanza, mama."
"Na shikamoo yangu iko wapi?"
Nikamwamkia kutoka shimoni. Akaitikia vizuri, bila haraka, ndipo akashusha kamba.

Alhamisi, 6 Juni
Mpishi yuko mbele. Mimi nyuma, juu ya magunia, goti limevimba. Lakini mchuzi wa kanga, jamani! Paja zima nimepewa mimi. Kanipakulia mwenyewe, eti mgonjwa anahitaji nguvu. Upepo mwanana, nyasi hadi upeo wa macho, tumbo limejaa. Sina kinyongo na mtu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelitafakari kosa langu kwa kina. Nimeligundua: nilichagua mnyama mdogo. Leo nimeona nyayo za nyati, pana kama sahani! Nimemwagiza mpishi asugue sufuria kubwa kuliko zote. Kacheka mpaka kakaa chini.
Wivu tu.