Kutu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku njema kuliko zote tangu nistaafu posta! Nina majuma matatu tu katika chama cha wapenzi wa panga za kale hapa Okayama, na tayari nina upanga. Ulikuwa kabatini chini ya matandiko ya wageni, pamoja na hati yake ya usajili. Wa marehemu baba mkwe. Mzee alidai mpaka anakufa kwamba ulifuliwa Osafune, kijiji cha wahunzi mashuhuri, miaka mia sita iliyopita. Ukoo mzima ulimcheka, isipokuwa binti yake Sumie, mke wangu.

Kanipa kwa sharti: Jumapili Mwalimu Hatakeda wa chama auhukumu. Ukiwa wa kweli, utawekwa kwenye maonyesho ya mji kwa jina la mzee. Kabla ya hapo nisiuguse. Nimeapa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeugusa. Kidogo tu, kumpelekea na kumkomesha Kuroiwa, yule dobi aliyenitangulia chamani mwaka mmoja na sasa anajiona bingwa.

Nilipoanza kumweleza, kanipa karatasi niibane kwa midomo. Mate yasirukie chuma, ndiyo adabu. Nusu saa nzima akahutubia kwamba huu ni upanga wa kiwandani, wa wakati wa vita. Nilikuwa na majibu kumi, yote nyuma ya karatasi!

Ijumaa, 10 Oktoba

Sumie kaenda sokoni. Nimegonga kijiti cha mwanzi kinachoushika mpini, mpini ukatoka. Lo! Shina la upanga, lile linalojificha ndani ya mpini, limejaa kutu nyeusi tii. Kuroiwa aone hivi? Bora nife.

Siki. Msasa. Mwisho dawa ya meno. Saa tatu za jasho. Linang'aa kama sufuria mpya! Maandishi ya mhunzi yamefutika kiasi, lakini yalikuwa hayasomeki vizuri hata hivyo. Nimerudisha mpini. Sumie hajui. Atashangaa.

Jumapili, 12 Oktoba

Mwalimu aliuinamia upanga, akauchomoa kwenye ala, akauelekeza kwenye taa. Kisha akamgeukia Sumie.

"Mama, chuma hiki ni cha zamani kweli. Cha Osafune, nadhani. Ngoja tulione shina."

Sumie akalia. Mimi nikamtazama Kuroiwa mpaka akainamisha kichwa. Raha iliyoje!

Mpini ukatoka. Mwalimu akauliza nani amesugua. Nikajibu mimi, tena kwa mkono, bila mashine.

Akauweka upanga chini taratibu. Kumbe kutu ya shina ndiyo cheti cha kuzaliwa. Umri husomwa hapo, na jina la aliyeufua. Mtu wa panga hupaka mafuta ubapa usishike kutu, lakini shina haligusi, wala mjukuu wake haligusi. Sasa Mwalimu anaweza kuamini, lakini hawezi kuandika. Na bila maandishi yake, hakuna maonyesho.

Kuroiwa hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwenye treni Sumie alisema neno moja tu.

"Baba Wakana, baba yangu alikuwa na shahidi mmoja. Wewe umempiga msasa."

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekula wali baridi peke yangu. Kuroiwa kaleta zabibu, kasema ni za Sumie. Nimempigia Mwalimu simu kuuliza dawa. Hakuna dawa, kasema. Niliache shina, kutu itarudi yenyewe. Baada ya miaka kama mia mbili.

Nimejuta kwa dhati. Nilidharau kutu, na kutu ni mali. Sitarudia kamwe kosa la kuiondoa.

Jumanne, 14 Oktoba

Lakini miaka mia mbili! Mimi nina sitini na tatu.

Sumie kaenda kwa dada yake hadi kesho kutwa. Nimeazima pipa lake la mboga za chumvi. Maji ya chumvi, mchuzi wa soya, siki iliyobaki. Nilitaka kuloweka shina peke yake, nikaona kutu itakuwa ya upande mmoja, watu watashuku. Nimeutumbukiza mzima.

Nimechungulia sasa hivi. Imeanza! Nyekundu, nzuri, kuanzia shina hadi ncha. Sumie akirudi atafurahi sana.