Manahodha Wote wa Timu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefungua rasmi! Meza ya kona, ndani ya duka la shemeji la kutoa kopi, mkabala na geti la chuo. Bango nimeandika kwa mkono wangu: MSHAURI WA AJIRA KWA AKILI MNEMBA. Shemeji kauliza mimi mwenyewe nimeajiriwa wapi. Nikamjibu mganga hajigangi.

Kazi yenyewe rahisi kama kumsukuma mlevi. Mwanafunzi anakaa, mimi naiagiza mashine ya akili mnemba: mwandikie barua ya kuomba kazi isiyokatalika. Wa kwanza alikuwa kijana mrefu, nahodha wa mpira wa kikapu chuoni. Barua ikatoka tamu ajabu. Nimeongoza wenzangu, nimebeba kombe, sijui kushindwa! Nikaihifadhi. Kitu kizuri hakitupwi.

Jumanne, 4 Machi

Mama Rudia kapita kunichungulia. Huyu ni mama wa ofisi ya ushauri chuoni, jina kalipata kwa kurudisha barua za watu ziandikwe upya. Naye anafundisha kutumia mashine ileile, tena bure! Lakini anavyowatesa watoto wa wenzake. Kwanza mwanafunzi ajiandikie mambo aliyoyafanya kweli. Kisha mashine imuulize maswali. Kisha akague mstari kwa mstari kama haijamsingizia. Kutwa nzima, barua moja!

Kaniuliza kama huwa nazisoma barua zangu kabla hazijaenda. Nizisome za nini? Ile ya nahodha nabadilisha jina tu, inatoka. Foleni yangu imefika barabarani. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 6 Machi

Kampuni ya mizigo kule relini inaajiri wahitimu, idara zote. Mpwa wangu, binti wa dada, kaomba ofisi ya utumishi. Ndicho alichosomea, na tangu amalize chuo anakataliwa tu. Shemeji keshatoa kauli: akikosa na hii, anakuja kukaa dukani atoe kopi, na mimi nimpishe meza. Mtoto kanywea, hata chai hakugusa. Roho iliniuma.

Nikaiona barua yake. Kumbe kaenda kwa Mama Rudia! Damu yangu mwenyewe! Imejaa mambo madogomadogo: alipanga zamu za usafi bwenini, aliwapatanisha waliogombania majiko. Nani anaajiri mpatanishi wa majiko? Nimeweka jina lake kwenye barua yangu nikaituma kimyakimya. Atanishukuru baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Makubwa!

Nimemsindikiza mpwa kwenye usaili. Chumba cha kusubiri kimejaa wateja wangu, nikavimba kichwa. Akatoka mwanamama wa miwani, kashika rundo la barua, akaomba nahodha wa timu ya mpira wa kikapu asimame.

Chumba kizima kikasimama. Mabinti kwa wavulana! Yule nahodha wa kweli akawakodolea macho kama mtu aliyekuta wageni wamelala kitandani kwake. Aliyebaki kwenye kiti ni mpwa wangu peke yake.

Mwanamama akamwendea na barua mbili zenye jina lake, akataka kujua yeye ni yupi. Mimi mlangoni nikamwonyesha kwa mikono kudundisha mpira. Hakuniangalia! Akasema mpira wa kikapu hajawahi kuushika, yeye ni wa majiko, na barua ile nyingine kaandika mjomba wake. Akaninyooshea kidole. Mbele za watu!

Wakamhoji saa nzima. Njia nzima ya kurudi analia, anasema nimemharibia maisha. Nilijisikia vibaya. Vibaya sana. Lakini na yeye, kusimama tu kungemgharimu nini?

Jumatano, 12 Machi

Simu imepigwa. Kapata kazi! Dada kapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Shemeji kafuta machozi, kasema ni mafuta ya mashine ya kopi. Shukrani zote kwa Mama Rudia. Kwangu, hakuna hata ahsante. Haya, nani aliyefanya barua ya majiko ing'are pale? Bila manahodha wangu angeonekana wapi? Shukrani ya punda ni mateke.

Kisha mpwa kaniita pembeni, kwa adabu zote. Kasema mjomba, kazi yangu ya kwanza ni kuchambua barua za waombaji, na zako nitazijua kwa mstari wa kwanza tu. Kaniomba niache.

Nimekaa nikayatafakari maneno yake. Barua zote zinapita mikononi mwake! Mtu wetu yuko ndani! Bango jipya limekauka tayari: TUNA NDUGU HUMO HUMO.

Kosa la mashine nalo nimelirekebisha. Mchezo mmoja kwa watu wote haikuwa sawa. Safari hii kila mteja na mchezo wake. Mmoja ngumi, mmoja kuogelea. Wa tatu kaja anachechemea kwa magongo, mguu kauvunja ngazini. Nimempa riadha.