Vyumba Vinane vya Mibono

Jumanne, 12 Agosti 2025

Alhamdulillahi! Simu imelia. Dada mmoja wa Dar, anaitwa Miriam. Mwezi uliopita alipita stendi ya Ruangwa akaona tangazo langu: KAMBI YA MAHEMA, MTUA. HEWA SAFI. UTULIVU WA KUDUMU. Watakuja wanane, Jumamosi, kila mtu na hema lake.

Akauliza kama kati ya hema na hema kuna ua. Safari iliyopita walilala uwanja wazi, akasikia mikoromo ya watu saba, na watu saba wakamwona akipiga mswaki. Nikamjibu ua upo, tena ua hai.

Haupo. Lakini leo ni Jumanne tu.

Shamba ni la mke wangu, Zulfa. Keshavuna ufuta wake, akanipa kipande cha barabarani kwa sharti moja: Jumamosi wageni wasipolala, analichukua shamba lake na habari za kambi ziishe. Simlaumu. Huu ni mradi wangu wa nne. Wa kwanza ulikuwa kuku. Wa pili nyuki. Wa tatu kuku na nyuki pamoja. Namshukuru Mungu kwa mke mvumilivu.

Jumatano, 13 Agosti

Jirani yangu Makoye kaja asubuhi. Ni Msukuma, alihamia huku na ng'ombe wake miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza ng'ombe hao walimaliza mbaazi zangu. Aliomba radhi, akaleta na maziwa. Nilisamehe. Sijasahau.

Akasema kwao kila kitu kinatengwa kwa ua wa minyaa: ndama huku, mbuzi kule, jiko pale. Hata hapa nyumbani kwake kapanda. Akajitolea kuniletea vipandikizi na kunionyesha. Nikamshukuru, nikakataa. Mtu anayehama na ng'ombe atanifundisha mimi habari za ua?

Nimechagua mibono. Inashika upesi na ng'ombe hawaigusi, hata wa watu fulani. Tena ya bure, imejaa tele kule makaburi ya zamani. Nimekata mizigo mitano.

Zulfa kaiona, kaguna. Kasema mbono una mahali pake. Nikamjibu mahali pake ni pale nitakapoupanda.

Alhamisi, 14 Agosti

Mgongo umekufa ila kazi imekamilika! Vyumba vinane, urefu hatua tatu, upana mbili, vyote vimeelekea upande mmoja ili jua la asubuhi lisiwapige wageni usoni. Msimu huu mibono haina majani, kwa hiyo ua ni vijiti tu, lakini mpango unaonekana. Katikati ya kila chumba nimeinua tuta dogo, hema likae juu, hata mvua ikija ya ghafla. Na upande wa kichwani nimesimamisha jiwe lenye namba kwa mkaa, moja hadi nane.

Nimesimama barabarani nikatazama. Machozi yamenilengalenga. Sijawahi kumaliza kitu kizuri hivi.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya baraka. Baada ya sala, Mzee Shehe wa msikitini kwetu kapita, kasimama mbele ya kambi yangu muda mrefu. Halafu kainua mikono akaomba dua, kimyakimya, huku akitikisa kichwa. Nikaenda kusimama pembeni yake nikaitikia amina. Kanishika bega, kaondoka. Nani mwingine katika kata hii kaombewa mradi wake na Mzee Shehe mwenyewe, bila hata kuombwa?

Hata bodaboda wanapunguza mwendo wakifika hapa. Mmoja kazima muziki kabisa. Nashukuru sana majirani zangu. Nilidhani wananicheka.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike polepole.

Saa mbili asubuhi wamekuja akina mama, kanga kichwani, wamebeba unga na kuni. Kumi, halafu ishirini. Wanaume wakatandika mikeka uani kwetu, kando ya kambi. Zulfa alikuwa kisimani. Mimi nikafurahi mno: kata nzima imekuja kunisaidia kupokea wageni! Nilipita nikimshukuru kila mtu, natabasamu. Mmoja wao, Bi Zuleha, alinitazama nilivyotabasamu, akaanza kulia.

Saa nne magari yakaingia. Miriam akashuka na wenzake. Akaona mikeka, akaona Bi Zuleha, akauliza taratibu nani amefariki. Hakuna aliyejua. Wakageukiana. Kila mmoja alikuwa ameambiwa na mwenzake.

Mzee Shehe akanyanyuka, akaniita mbele ya watu wote, akanyoosha mkono kwenye vyumba vyangu.

"Masoudi mwanangu, haya manane ni ya nani?"

Nikajibu kwa fahari, nikiwaonyesha Miriam na wenzake: "Ya wageni hawa, mzee. Wameyaagiza wenyewe kwa simu."

Mgeni mmoja alirudi garini akafunga mlango.

Ndipo Mzee Shehe akanieleza mbele za watu, kwa upole uliouma kuliko fimbo. Tuta katikati. Jiwe kichwani. Mibono pembeni, iliyotoka makaburini. Na mwelekeo wa vyumba, nilikuwa nimewalaza wageni wote sawasawa na maiti, waelekee kibla. Nikatazama. Ni kweli. Nikakaa chini juu ya chumba namba tatu.

Zulfa alikuwa amefika, ndoo kichwani. Alitua ndoo, akatazama shamba lake. Nikajua limeondoka.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Zuleha, na machozi yake bado mashavuni. Halafu wote. Unga haukurudi nyumbani, wala kuni. Ukasongwa ugali wa kata nzima, wageni wakala mikekani, Miriam akaongezwa mara mbili. Lakini kulala humo walikataa kabisa. Wakaanza kufunga mizigo.

Hapo Makoye akaja, akawaambia kwake kuna ua. Tukaenda wote. Jamani! Minyaa imesimama kijani, imenizidi urefu, imegawa uwanja kama nyumba yenye vyumba. Mkewe, Bertha, alihamisha ndama na mbuzi, akafagia. Mahema manane yakaingia, hakuna aliyemwona mwenzake. Miriam akataka kumshukuru mwenyeji.

Makoye akasema, "Wageni ni wa Masoudi. Mimi nimewapa ua tu."

Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Zile mbaazi, leo nimezisahau.

Jumapili, 17 Agosti

Wageni wameondoka kwa furaha. Watarudi Desemba. Miriam kaniachia orodha ya majina yao yote.

Zulfa kasema wageni walilala, na sharti lilikuwa kulala, hakusema wapi. Kwa hiyo kipande bado ni changu, ila ua apange Makoye. Nilimwambia sistahili mke kama yeye. Akakubali.

Jioni Makoye kaleta minyaa tele kwenye mkokoteni. Kaniambia nisikate kitu mpaka aje kesho mchana. Bertha naye kasisitiza utomvu wake usiguse macho, tena karudia mara tatu kama anayeongea na mtoto. Watu wema kweli.

Jumatatu, 18 Agosti

Naandika kwa jicho moja. Nilitaka Makoye akija akute nusu ya kazi imeisha. Utomvu uliruka. Bertha kaja mbio, kaniosha jicho kwa maji mengi, kanifunga kitambaa. Makoye kamaliza kupanda peke yake, hakunilaumu hata kwa neno. Jioni Zulfa kaninywesha uji kwa mkono wake. Nimezungukwa na neema, hata kwa jicho moja naiona.

Mibono imeng'olewa, matuta yamesawazishwa. Mawe nane Makoye alitaka kuyatupa, nikamzuia. Mawe hayana kosa. Kosa ni mkaa, namba hazikuonekana vizuri. Jicho likipona nitayapaka chokaa, meupe pe, niyasimamishe palepale kichwani. Na badala ya namba, nichonge juu ya kila moja jina kamili la mgeni na tarehe yake. Akishuka tu garini Desemba alione, ajue kwamba huku tulikuwa tunamsubiri.